K Zimekwisha

Kondo Mlawa aliingia kiwandani kwetu Gerezani
na riwaya ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ya serikali.
Neno SIRI lilikuwa limekatwa kwa kalamu,
pembeni ameandika: si siri tena.
Enzi hizo nilipanga herufi za risasi, moja moja,
weusi wa vidole ukanifuata hadi kwenye tonge.

Siku ya tatu nikamwambia, Bwana Kondo, k zimekwisha.
Kamati, kikao, kaimu katibu wa kikao cha kamati,
kasha langu tupu. Punguza kidogo.
Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati.
"Mimi nimenakili tu. Waambie wao wapunguze."

Mchana alikuwa karani wa masijala,
ghorofa ya pili, jirani na choo kisichofungika.
Alijua nani kaomba zulia
na nani, aliposikia, kaomba zulia refu zaidi;
nani ameandika "nimeiona" juu ya barua
ambayo gundi yake haijabanduliwa.
Usiku, Magomeni, umeme umekatika,
kibatari kikimtia masizi puani,
akamwandika waziri ambaye kiti kilimwotea mizizi:
seremala akaletwa na msumeno wake,
na wizara nzima haikuthubutu kusema
akate upande upi.

Kitabu kilipotoka tukangoja gari la usiku.
Bi Sikudhani akamfungia mumewe shuka, mswaki, dawa ya pumu,
akaliweka furushi nyuma ya mlango
likakaa hapo miezi miwili, panya wakalizoea.
Gari halikuja.
Ilikuja barua ya pongezi.

Mkurugenzi alicheka hadi akashika ukuta:
huyu ni yule wa Kilimo, kabisa, hata kikohozi!
Wa Kilimo akaapa ni wa Biashara.
Wa Biashara akanunua nakala kumi, akamgawia shemeji yake.
Kondo akaja kwangu kanywea kama mkate uliolowa.
"Nimewashikia kioo," akasema,
"wao wanachungulia kama dirisha."

Mtu mmoja tu alijiona.
Matimbwa, tarishi, alimngojea getini saa tisa na nusu:
Yule wa sura ya tano, anayefutika sukari ya ofisi mfukoni,
ni mimi, Kondo. Nina watoto saba.
Hakupaza sauti. Aliondoka na baiskeli yake akiikokota.

Toleo la pili niling'oa mistari ile kwa koleo,
kumi na minne.
Hakuna waziri aliyewahi kumfutisha hata nukta.
Tangu hapo kila sura mpya alinisomea kwanza,
akinitazama usoni, si kuona kama nitacheka,
bali kuona nani ndani yake hana pa kujificha.

Amekufa mwaka wa pili sasa.
Baada ya arobaini wizara iliunda kamati ya kumuenzi,
na kamati ndogo ya viti,
na ndani yake mjumbe wa vitambaa vya viti.
Ratiba wakaileta kwetu. Siku hizi ni kompyuta,
k hazina mwisho.
Kijana wangu kaichapa haraka, akili iko kwenye mpira:
saa nne kamili, kuwasili kwa mgeni rahisi.

Nililiona. Kalamu nyekundu ilikuwa sikioni.
Miaka arobaini sijaacha kosa lipite,
muulize yeyote Gerezani.
Nikaenda kunywa maji.
Nikarudi, nikaweka sahihi: chapeni.

Ukumbini mgeni aliisoma, akaisoma tena,
tumbo likaanza kumtikisika.
Akamwinamia jirani yake:
"Hapa wamemsema nani?"

Nakala mia mbili, karatasi nzito, rangi mbili.
Hati yangu ya malipo bado iko masijala.
Wiki iliyopita niliifuata mwenyewe, ghorofa ya pili.
Binti akanionyesha. Imepita mezani kwa wakubwa wote.
Juu yake wameandika: nimeiona.